Kocha Mpya na Simu Kumi za Kwanza

Jumatatu ya Januari 8, 2024, mjini Houston, Kalen DeBoer aliiongoza Washington katika fainali ya taifa ya futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, akafungwa na Michigan 34–13. Jumatano Nick Saban, aliyeinoa Alabama tangu 2007, akatangaza kustaafu. Ijumaa DeBoer akatangazwa kuwa ndiye kocha mpya wa Alabama. Siku nne tu: mtu kapoteza fainali, kahama kutoka pwani ya Pasifiki hadi Tuscaloosa, mji wa chuo cha Alabama, na karithi kiti ambacho Saban alikiacha akiwa amekitwalia mataji sita.

Waandishi walitaka kujua kama atakiweza kiti hicho. Yeye alikuwa na swali jingine la haraka zaidi: ampigie nani simu?

Sisi tuliokulia kwenye soka swali hilo tunalichukulia kirahisi. Kocha mpya wa Simba au Yanga anashuka uwanja wa ndege na msaidizi wake, pengine na kocha wa viungo na wa makipa, wengine anawakuta. Benchi zima la ufundi linatosha kwenye Hiace moja na nafasi inabaki. Futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa umbo la yai, ina mambo mengine. Timu ya chuo ina wachezaji mia na kitu. Wanaoshambulia na wanaolinda ni watu tofauti kabisa, hawaingii uwanjani pamoja, na kuna kikosi cha tatu kwa ajili ya mateke. Ndani ya vikosi hivyo kila nafasi ni fani yake: majitu ya ukuta wa mbele yana mwalimu wao, wapokeaji wa pasi wana wao, walinzi wa nyuma wana wao, na kwotabeki, anayeshika usukani wa mashambulizi, ana wake. Juu ya walimu hao wamekaa waratibu, mmoja wa mashambulizi na mmoja wa ulinzi. Kocha mkuu yuko juu ya wote, na siku nyingi kazi yake inafanana na ya mkurugenzi wa kampuni kuliko ya mwalimu.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu wasaidizi tisa hadi Januari 2018 walipofikishwa kumi. Juni 2024 kikalegeza zaidi: sasa hata wachambuzi waliokuwa wakifungiwa ofisini na kompyuta zao wanaruhusiwa kufundisha uwanjani. Lakini kanuni moja ilibaki. Wanaoruhusiwa kutoka nje ya chuo kwenda kuwafuata vijana majumbani na mashuleni ni kocha mkuu na wasaidizi wake kumi tu. Ndiyo maana zile nafasi kumi bado zinagombaniwa hata pale ambapo jengo limejaa makocha.

Shabiki hudhani kwamba kocha mpya anakaa mezani na kutafuta makocha kumi bora kuliko wote nchini. Wala. Anatafuta watu watakaoanza kazi kesho asubuhi bila kuulizana maana ya maneno.

Nasema maneno kwa makusudi. Hebu tazama mchezo mmoja tu unavyoitwa. Mchezo uliopita umekwisha, saa inahesabu sekunde 40 kurudi nyuma. Mratibu wa mashambulizi, mara nyingi akiwa juu kabisa ghorofani nyuma ya kioo, ameshaona walinzi wamejipangaje. Anatamka sentensi moja kwenye kipaza sauti. Tangu 2024 ngazi ya juu ya vyuo imeruhusu redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja uwanjani, kwa hiyo sentensi hiyo inamfikia kwotabeki sikioni. Saa ikigonga sekunde 15 redio inakatika yenyewe. Sentensi inaweza kuwa na maneno kumi au zaidi: mpangike wapi, nani ahame kabla mpira haujaanza, ukuta wa mbele uegemee upande upi, kila mpokeaji akimbie njia ipi. Kwotabeki anawageukia wenzake kumi na kuirudia. Mmoja akielewa tofauti, kwotabeki anafunikwa na jitu la kilo 130 ambalo hakuliona likija.

Maneno hayo hayana kamusi ya taifa. Kila ukoo wa makocha una msamiati wake. Neno linalomwambia mlinda ukuta aende kulia kwenye nyumba hii, nyumba ya pili ni jina la kitu kingine. Aliyewafundisha vijana maneno hayo tangu Februari ni kocha wa nafasi yao, si mratibu aliyeko ghorofani. Sasa fikiria mratibu katoka ukoo mmoja, kocha wa ukuta wa mbele katoka mwingine, wa kwotabeki katoka wa tatu, wote hodari, na imebaki miezi saba msimu uanze. Wiki za kwanza watu wazima wanakaa chumbani kujadiliana kitu kiitweje. Nadhani nusu ya kinachoitwa ukosefu wa uaminifu pale kocha anapowaacha wenyeji na kuleta watu wake ni hiyo tu: hana muda wa kufundisha lugha kwa walimu na kwa wanafunzi kwa pamoja.

Kwa hiyo simu ya kwanza humwendea mratibu, na huanzia upande ambao kocha mkuu mwenyewe hauwezi. DeBoer ni mtu wa mashambulizi. Alihitaji mtu wa kumwachia ulinzi wote na kulala usingizi. Alimchukua Kane Wommack, aliyekuwa kocha mkuu wa South Alabama. Mtu anaacha ukocha mkuu kwenda kuwa msaidizi? Miaka ishirini iliyopita watu wangecheka. Siku hizi chuo kidogo kinalea mchezaji, akichanua anachukuliwa na wakubwa, na mshahara wa mratibu kwenye chuo kikubwa unaweza kuupita wa kocha mkuu wa chuo kidogo. Ila kuna jambo jingine ambalo halikuwa kwenye vichwa vya habari: mwaka 2019 DeBoer na Wommack walikuwa waratibu pamoja pale Indiana, mmoja akishambulia na mwenzake akilinda. Mazoezini, siku baada ya siku, kazi ya kila mmoja ilikuwa kumshinda mwenzake. Usaili gani unaupita huo?

Kuna waliopokelewa kwa mbwembwe na mambo yakageuka. Deion Sanders alipoichukua Colorado Desemba 2022 naye alimchukua kocha mkuu aliyekuwa kazini, Sean Lewis wa Kent State, ampe mashambulizi. Kabla msimu wa 2023 haujaisha Sanders akamnyang'anya kazi ya kuita michezo na kumpa Pat Shurmur. Cheo cha Lewis kilibaki vilevile. Kabla mwezi haujaisha alipata timu yake mwenyewe, San Diego State. Ndiyo maana mratibu mwenye akili, kabla ya kuuliza mshahara, anauliza nani ataita michezo. Na baada ya kufungwa mara tatu mfululizo, nani ataita?

Sio kila mwenyeji anaondoka. DeBoer aliwabakiza wawili wa Saban, Robert Gillespie wa wakimbiaji na Freddie Roach wa ukuta wa mbele wa ulinzi. Sababu unaielewa ukikumbuka kilichokuwa kikitokea nje ya ofisi. Kanuni ya wakati ule ilisema kocha mkuu akiondoka, wachezaji wake wanapata siku 30 za kujiandikisha kuhama. Caleb Downs, mlinzi wa nyuma aliyekuwa lulu ya timu, akaenda Ohio State. Kwotabeki kijana Julian Sayin naye akaenda huko huko. Kadyn Proctor, mhimili wa ukuta wa mbele, akarudi kwao Iowa, akakaa wiki chache, kisha akarejea Alabama. Katika hali kama hiyo kocha wa nafasi anayebaki ndiye sura pekee ambayo kijana anaifahamu. Kijana wa miaka 19 hajui falsafa ya DeBoer. Anamjua mtu aliyekuja kukaa sebuleni kwa mama yake.

Hapa ndipo palipo na mjadala mkubwa zaidi: ubebe wako wote, au uchanganye? Kila upande una mfano wake wa kujivunia, nami nina mifano miwili inayofanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani.

Scott Frost, mwaka 2017, aliipeleka UCF ya Orlando hadi kutofungwa msimu mzima. Nebraska, chuo alichokichezea mwenyewe na kutwaa nacho taji la taifa msimu wa 1997, wakamwita nyumbani. Akabeba wasaidizi wake wote. Kwa mwezi mzima watu wale walikuwa na kazi mbili: walisajili vijana kwa ajili ya Nebraska huku wakiiandaa UCF kwa mechi ya Peach Bowl, ambayo waliishinda Auburn 34–27 tarehe 1 Januari 2018. Ilionekana kama hadithi nzuri inaendelea. Frost alifukuzwa Septemba 2022 akiwa ameshinda mechi 16 na kufungwa 31. Novemba ya 2021 alikuwa ameshawaondoa wasaidizi wanne wa mashambulizi, watatu kati yao wakiwa wale wale aliokuja nao.

Curt Cignetti alifika Indiana Novemba 30, 2023, akiwa na miaka 62, akitokea James Madison. Indiana ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 na kufungwa 9, na katika historia yote ya ngazi ile hakuna timu iliyokuwa imefungwa mara nyingi kuliko wao. Naye alibeba wake: Mike Shanahan wa mashambulizi, Bryant Haines wa ulinzi, Grant Cain wa kile kikosi cha tatu, cha mateke. Alipoulizwa vijana wakubali kumfuata kwa lipi, alijibu kwamba ni rahisi, yeye huwa anashinda, wamtafute Google. Msimu wa kwanza walishinda 11 na kufungwa 2. Wa pili walishinda 16 bila kufungwa hata moja, na Januari 19, 2026 wakatwaa taji la taifa kwa kuifunga Miami 27–21.

Mbinu ileile, matokeo kama mbingu na ardhi. Wengi watakwambia Cignetti ni kocha bora kuliko Frost, na huenda ni kweli, lakini jibu hilo halifundishi kitu. Mimi naangalia kanuni. Mwaka 2018 mchezaji aliyehama alitakiwa kukaa benchi mwaka mzima, kwa hiyo Frost alibeba walimu bila wanafunzi. Kuanzia 2021 kijana aliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Cignetti alikuja na wachezaji 13 wa James Madison. Yaani chumbani, siku ya kwanza, kulikuwa na vijana kumi na watatu walioijua lugha tayari na wangeweza kumnong'oneza aliyekaa pembeni maana ya neno. Halafu kuna ardhi. Orlando iko katikati ya Florida, ambako vipaji viko mlangoni. Nebraska ni jimbo la watu wapatao milioni mbili, na usajili wake ni wa kupanda ndege. Watu wa Frost walikuwa hodari kwenye shamba walilolizoea.

Na Cignetti hakufagia kila kitu. Kocha wa ukuta wa mbele wa mashambulizi, Bob Bostad, alimkuta pale, akambakiza.

Habari ya ardhi inahitaji kuongezwa kidogo, maana ndiyo inayoeleza uteuzi unaoonekana wa ajabu kwa watu wa nje. Kirby Smart alipopewa Georgia mwishoni mwa 2015 alimchukua Dell McGee awafundishe wakimbiaji. McGee alikuwa ametokea Georgia Southern, lakini kabla ya hapo alikuwa kocha wa shule ya sekondari ya Carver, mjini Columbus, na kutwaa nayo ubingwa wa jimbo mwaka 2007. Mtu wa namna hiyo akiingia shule yoyote ya Georgia anapokelewa kama ndugu wa familia aliyekuwa safarini. Kocha mkuu mwenye akili hutandika ramani mezani na kujiuliza: Atlanta ni ya nani, kusini mwa Florida ni ya nani, Texas ni ya nani? Penye pengo anaajiri. Vyuo viliwahi kulitumia hilo vibaya, vikimpa kazi kocha wa shule ili mchezaji wake nyota amfuate. Tangu 2017 kanuni inakataza kumpa mtu wa karibu na kijana kazi ya ofisini ndani ya miaka miwili kabla au baada ya kijana huyo kufika chuoni. Kazi ya ukocha wenyewe inaruhusiwa. Mlango umefungwa, dirisha liko wazi.

Fedha. Kocha mkuu anapojadili mkataba wake, kocha mzoefu hapiganii mshahara wake tu, anapigania kapu la mishahara ya wasaidizi. Kapu likiwa dogo, mratibu mmoja ghali anamaanisha vijana wasio na uzoefu kwenye nafasi tatu. Jim Knowles aliinoa safu ya ulinzi ya Ohio State iliyotwaa taji Januari 2025, na siku chache baadaye Penn State ikamchukua kwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka. Oktoba ya mwaka huohuo kocha mkuu wake, James Franklin, akafukuzwa. Msaidizi anajua hatari hiyo: bosi akianguka, na wewe unafungasha. Ndiyo sababu wanadai miaka ya uhakika kwenye mkataba.

Miaka hiyo ya uhakika nayo huzaa vituko. Tennessee ilimfukuza Butch Jones mwishoni mwa 2017 ikiwa inadaiwa naye zaidi ya dola milioni 8. Mikataba ya aina hiyo husema chochote unachopata kwingine kinakatwa kwenye fidia. Basi mwaka 2018 Jones akaenda Alabama kufanya kazi ya uchambuzi kwa dola 35,000 kwa mwaka. Tennessee ikaendelea kulipa, na Saban akapata ubongo wa kocha mkuu mzima kwa bei ya karani. Vyumba vya nyuma vya Alabama vilijaa watu wa aina hiyo miaka mingi.

Ndugu je? Wapo wengi, na si lazima iwe aibu. Mtoto wa kocha amekula chakula cha jioni kwenye lugha ileile tangu utotoni. Bill Belichick alipokwenda North Carolina aliwachukua wanawe wawili, Steve na Brian, kwenye ulinzi. Lakini pale Iowa, Kirk Ferentz alipompa mwanawe Brian mashambulizi, taratibu za chuo dhidi ya upendeleo wa ndugu zilimtaka Brian awajibike kwa mkurugenzi wa michezo badala ya baba yake. Mwaka 2023 wakambana zaidi: mkataba mpya ukaweka sharti la timu kufunga wastani wa pointi 25 kwa mechi. Kila Jumamosi mashabiki walikaa na kikokotoo. Hazikufika, na kabla msimu haujaisha ilitangazwa kwamba Brian hatarudi.

Kalenda ndiyo inayowatoa watu jasho zaidi. Kusaini vijana wa sekondari ni mwanzoni mwa Desemba, uhamisho ni Januari, na katikati yake kuna mechi za mtoano. Lane Kiffin aliondoka Ole Miss kwenda LSU Novemba 30, 2025, timu yake ikiwa inaelekea kwenye mtoano huo. Akamchukua mratibu wake wa mashambulizi, Charlie Weis Jr. Ole Miss wakampandisha cheo mratibu wa ulinzi, Pete Golding, awe kocha mkuu. Mashambulizi yaitwe na nani? Weis akaruhusiwa kurudi. Alikuwa mtu wa LSU anayeita michezo ya Ole Miss, vyuo viwili vya ligi moja visivyopikika chungu kimoja.

Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo ukiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote. Kwa hiyo siku hizi simu ya kwanza huenda isimfikie kocha kabisa. Inamwendea meneja mkuu, mtu wa kugawa fedha na kupanga nani asajiliwe kwa kiasi gani. Belichick alikwenda North Carolina na Michael Lombardi kwa kazi hiyo. Stanford walikwenda mbali zaidi: Novemba 2024 walimpa umeneja Andrew Luck, kwotabeki wao wa zamani, na Machi 2025 ni yeye aliyemfukuza kocha mkuu, Troy Taylor. Kocha anayechagua wasaidizi mahali kama pale hana budi kujua kwanza kama yeye mwenyewe ni bosi au ni msaidizi.

Na kuna mtu mmoja ambaye hatajwi kwenye habari za uteuzi, kocha wa mazoezi ya nguvu. Nje ya msimu kanuni zinabana shughuli za lazima za wachezaji kuwa saa 8 kwa wiki, na sehemu kubwa ya saa hizo ni za chumba cha vyuma. Januari, wakati makocha kumi wako viwanja vya ndege wakiwafuata vijana, huyu ndiye anayekutana na timu alfajiri. Vijana wanamsoma kocha mpya kupitia kwake: anawatukana au anawafundisha, anakuja kwa wakati au la. Cignetti alihama na wake.

Turudi Tuscaloosa. Mtu ambaye DeBoer alimtaka kuliko wote alikuwa Ryan Grubb. Walianza pamoja Sioux Falls, chuo kidogo cha Dakota Kusini, wakaenda wote Eastern Michigan, wakaenda Fresno State, wakafika Washington na fainali ile ya Houston. Januari 2024 Grubb akaja Alabama awe mratibu wa mashambulizi. Februari, kabla hata ya mazoezi ya kwanza ya majira ya kuchipua, Seattle Seahawks wa ligi ya kulipwa wakamwita, akaenda. Kiti kikamwendea Nick Sheridan, naye aliyetoka Washington na lugha ileile. Seattle wakamwachisha kazi Grubb baada ya msimu mmoja. Februari 2025 simu ikapigwa tena, akarudi kwenye kiti kile kile, na Sheridan akabaki chumbani na makwotabeki.